Antimata kama Nishati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Video zinazosema kwamba kijiko cha antimata kitamaliza shida za stima Afrika zimesambaa sana, na maswali yanayozifuata hufanana. Haya hapa, pamoja na hesabu zake. Pale inapowezekana tumehesabu kwa yuniti za tokeni, maana ndicho kipimo ambacho kila mwenye mita nyumbani anakielewa: yuniti moja ni kilowati-saa moja.

Antimata ni nini hasa?

Kila chembe ya maada ya kawaida ina pacha wake mwenye uzito uleule na chaji iliyo kinyume. Pacha wa elektroni ni positroni. Pacha wa protoni ni antiprotoni. Positroni ikizunguka antiprotoni unapata atomi ya antihaidrojeni. Chembe ikikutana na pacha wake, zote mbili hutoweka na uzito wao hugeuka nishati.

Si ndoto wala hadithi za kubuni. Paul Dirac aliandika mlinganyo uliodokeza jambo hili mwaka 1928, Carl Anderson akaiona positroni mwaka 1932, antiprotoni ikapatikana Berkeley, Marekani, mwaka 1955, na mwaka 1995 maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ikatengeneza atomi 9 za antihaidrojeni. Tisa, si tisini elfu. Ishike hiyo namba, itakusaidia huko mbele.

Gramu moja ina nishati kiasi gani?

Chukua gramu 1 ya antimata. Itahitaji gramu 1 ya maada ya kawaida ili itoweke nayo, kwa hivyo uzito unaogeuka nishati ni gramu 2. Zidisha kilo 0.002 kwa mraba wa kasi ya mwanga, ambayo ni takriban mita 300,000,000 kwa sekunde, utapata jouli trilioni 180. Hizo ni yuniti milioni 50.

Mahitaji ya stima Kenya nzima, jioni watu wanapowasha kila kitu, yamepita megawati 2,300. Gramu hiyo moja, kama ingegeuzwa yote kuwa stima bila hasara, ingeibeba nchi katika kiwango hicho kwa karibu saa 22. Mikrogramu moja, ambayo huwezi kuiona kwa macho, ni yuniti 50, matumizi ya mwezi ya nyumba ndogo isiyo na hita ya stima ya maji ya kuoga.

Hapa ndipo video nyingi huishia. Hesabu ni sahihi kabisa. Tatizo ni kila kitu kilichoachwa nje ya hesabu.

Kwa hivyo ni chanzo cha nishati?

Hapana, na swali hili ndilo linalobeba mengine yote. Hakuna mgodi wa antimata, hakuna kisima chake. Kila chembe lazima itengenezwe, na kuitengeneza kunakula nishati nyingi kuliko itakayorudisha.

Fikiria tangi la maji juu ya paa la fleti. Ukifungua bomba chini, maji yanakuja kwa nguvu. Lakini nguvu hiyo haikutoka kwenye tangi. Ilitoka kwenye pampu iliyoyapandisha, na bili ya pampu iko kwenye mita ya mwenye nyumba. Antimata ni tangi lililo juu mno, lenye pampu mbovu mno. Kwa hivyo mtu akikuambia kuhusu umeme wa antimata, muulize kwanza: pampu inaendeshwa na nini?

Mvuke wa Olkaria, ile mitambo ya jotoardhi karibu na Naivasha, ni habari nyingine. Joto liko chini ya ardhi tayari. Kazi yetu ni kuchimba na kulileta juu.

Lakini si antimata ipo angani na hata kwenye ngurumo?

Ipo. Tatizo ni kiasi.

Tarehe 14 Desemba 2009 setilaiti ya Fermi ikiwa juu ya Misri ilipigwa na positroni zilizozaliwa na ngurumo ya mvua nchini Zambia, maelfu ya kilomita kusini. Zilisafiri zikifuata nyuzi za usumaku wa dunia. Chombo kingine, PAMELA, kiligundua antiprotoni zilizonaswa kwenye usumaku huo kuizunguka dunia, ugunduzi uliotangazwa mwaka 2011. Baada ya siku 850 hivi za kupima, kilikuwa kimehesabu antiprotoni 28.

Hata ndizi uliyonunua sokoni hutoa positroni. Sehemu ndogo ya potasiamu yake ni ile yenye mnururisho, na mara moja kwa saa moja au mbili hivi atomi moja hutema positroni badala ya elektroni. Haikudhuru, wala haitachaji simu.

Inatengenezwaje?

Njia ya CERN inaenda hivi:

1. Haidrojeni huongezwa kasi katika mashine kadhaa zinazofuatana, mpaka protoni zake zifikie nishati ya takriban GeV 26 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe moja moja; keV ni kipimo kilekile, ila kidogo mara milioni). Kila shehena inayopelekwa kutengeneza antimata huwa na protoni kama trilioni 15.
2. Shehena hiyo hugonga kijiti chembamba cha iridiamu kilichofunikwa na grafaiti. Iridiamu huchaguliwa kwa sababu ni nzito na imeshikana, kwa hivyo antiprotoni zinazaliwa mahali padogo na ni rahisi kuzikusanya. Kila pigo hukipandisha kijiti joto ghafla, na baada ya muda chuma hicho huanza kupasuka.
3. Katika vurumai ya chembe zinazotoka, sumaku huchagua antiprotoni zenye mwendo unaofaa. Nyingine zote zinapotea ukutani.
4. Zilizosalia huingia kwenye mashine ya mviringo yenye mzingo wa mita 182. Yenyewe hufanya kinyume cha mashine nyingine: hupunguza kasi. Hapo antiprotoni pia hupozwa, maana yake zinafanywa ziende pamoja kama kundi badala ya kutawanyika. Kazi hiyo huchukua karibu dakika mbili kwa kila shehena.
5. Mashine ndogo zaidi, ELENA, yenye mzingo wa mita 30, huzipunguza tena mpaka keV 100.
6. Mwishowe zinanaswa kwenye mtego.

Hatua ya 5 iliongezwa baadaye, na sababu yake inafundisha. Kabla yake, watafiti walilazimika kuzipitisha antiprotoni kwenye karatasi nyembamba ya chuma ili kuzipunguza kasi. Zaidi ya asilimia 99.9 zilipotea hapo. Unavuna debe, unabaki na konzi isiyojaa.

Positroni ni rahisi zaidi. Hutoka zenyewe kwenye sodiamu-22, ambayo nusu yake huoza kila miaka 2.6. Hupunguzwa kasi kwa tabaka la neoni iliyoganda, kisha hukusanywa.

Mpaka sasa binadamu ametengeneza kiasi gani?

Makadirio yanayotajwa sana ni haya: maabara ya Fermilab, Marekani, ilitengeneza kama nanogramu 15 za antiprotoni kabla ya kuifunga mashine yake kubwa Septemba 2011. CERN, kama nanogramu 1. Maabara ya DESY, Ujerumani, kama nanogramu 2 za positroni.

Jumla nanogramu 18. Kila nanogramu ni jouli 180,000, kwa hivyo zote kwa pamoja zingetoa yuniti 0.9. Miongo ya kazi, mabilioni ya dola, na hujafikisha yuniti moja ya tokeni. Nanogramu moja peke yake ingechemsha nusu lita ya maji na kidogo, vikombe viwili vya chai, na hapo Nairobi inakupunguzia kazi kwa kuwa maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 kutokana na mwinuko.

Tena nanogramu hizo hazikuwahi kukaa pamoja hata siku moja. Ziliendelea kutumika na kutoweka kadiri zilivyotengenezwa.

Hasara hiyo inatoka wapi?

Tupige hesabu ya shehena moja. Protoni trilioni 15, kila moja ikiwa na GeV 26, zinabeba jouli 62,000 hivi. Mwisho wa safari unapata antiprotoni kama milioni 30. Zote zikitoweka zinatoa jouli 0.009. Umeweka jouli milioni 7 ili kupata jouli moja.

Na hiyo ni nishati iliyo ndani ya miale ya protoni pekee. Hujalipia sumaku, pampu za ombwe (za kuondoa hewa yote), mitambo ya kupoza wala taa za jengo. Ukiziingiza, hali inakuwa mbaya zaidi mara mia na kuendelea. Hata tukiusamehe umeme huo wote na kuhesabu miale peke yake, gramu moja ya antiprotoni ingedai stima yote inayozalishwa duniani kwa karibu miaka 12.

Je, teknolojia bora itaondoa hasara? Itaipunguza, lakini kuna ukuta. Ili protoni iliyogonga kitu kilichotulia izae antiprotoni, lazima iwe na angalau GeV 5.6, kwa sababu sheria za mwendo zinadai sehemu kubwa ya nishati ibaki kwenye kasi ya chembe zinazotoka. Kutoweka kwa antiprotoni hurudisha GeV 1.88 tu. Kwa hivyo hata kila protoni ingezaa antiprotoni moja bila kukosea, unarudishiwa thuluthi moja. Ukigonganisha miale miwili inayokabiliana unaweza kuukaribia usawa, ila huwezi kuuvuka: kutengeneza jozi ya protoni na antiprotoni kunagharimu kile kile ambacho jozi itarudisha. Faida ni sifuri katika ulimwengu uliokamilika, na ulimwengu wetu haujakamilika.

Bei yake ni gani?

Makadirio ya NASA ya mwaka 1999 yalikuwa dola trilioni 62.5 kwa gramu ya antihaidrojeni. Usiichukulie kama bei ya duka. Hakuna muuzaji, hakuna gramu.

Huhifadhiwa vipi, kama kugusa chombo tu kunaiangamiza?

Kwa kutoigusisha. Mtego wa Penning ni bomba lenye sumaku kali inayozuia chembe zisiende pembeni, na vipande vya chuma vyenye volti vinavyozizuia zisitoroke kwenye ncha. Chembe zinaelea katikati. Ndani kunatakiwa ombwe kali mno, kwa sababu molekuli moja ya hewa ikipita hapo ni antiprotoni imekwenda. Ombwe hilo linapatikana kwa kupoza kuta mpaka kama nyuzi 269 chini ya sifuri kwa heliamu ya kimiminika. Hewa iliyobaki inaganda ukutani. Kundi la BASE la CERN liliwahi kushikilia antiprotoni kwa siku 405 kwa njia hii. Kwa kushikilia, basi, watu wamefaulu vizuri.

Ila ni chache sana, na hapa pana kikwazo ambacho video hazikitaji kabisa. Chembe zenye chaji moja zinasukumana. Kadiri unavyozisongamanisha ndivyo sumaku inavyolazimika kuwa kali zaidi, na kuna kikomo: nishati ya uzito wa chembe katika mtego haiwezi kuzidi nishati ya usumaku wenyewe uliomo humo. Kikomo hiki kinaitwa kikomo cha Brillouin, na hakijali kama ni positroni au antiprotoni.

Kwa sumaku ya tesla 5, ambayo ni kali kuliko ile ya mashine nyingi za MRI hospitalini, mita moja ya ujazo inaweza kubeba antiprotoni zitakazotoa jouli milioni 20, yaani yuniti 5.5. Mita ya ujazo ni tangi la lita elfu moja, lile jeusi la kwenye paa. Sasa linganisha: lita moja ya petroli ina jouli zaidi ya milioni 30. Tangi zima la mtego wa antimata, pamoja na sumaku na heliamu yake, lina nishati kama ya chupa kubwa ya soda iliyotiwa petroli mpaka zaidi kidogo ya robo. Betri ya gari iliyochoka inalishinda kwa ujazo.

Kwa hiyo ule usemi kwamba antimata ndiyo nishati iliyoshindiliwa kuliko zote ni kweli kwa gramu na si kweli kwa lita, angalau kwa mitego tunayojua kuijenga.

Si wangeigandisha tu iwe barafu?

Hilo ndilo wazo zuri lililobaki. Antihaidrojeni haina chaji kwa jumla, kwa hivyo haisukumani. Lakini kwa sababu hiyohiyo mtego wa Penning hauishiki. Inashikwa kwa usumaku dhaifu ilio nao atomi yenyewe, na mtego wa aina hiyo ni kama sahani badala ya bakuli: atomi yenye joto la zaidi ya nusu digrii juu ya sifuri halisi inaruka nje. Kundi la ALPHA lilinasa atomi 38 mwaka 2010, mwaka uliofuata likazishika kwa zaidi ya dakika 16. Kutoka hapo mpaka chembe ya barafu inayoelea bila kugusa kitu, bila hata atomi zake chache kuvukiza na kugonga ukuta, ni safari ndefu ambayo hakuna aliyeianza kwa vitendo.

Kwa wanaouliza kama antimata huanguka kwenda juu: haiangukii juu. ALPHA walionyesha mwaka 2023 kwamba antihaidrojeni huanguka chini kama kitu kingine chochote.

Stima ikipotea, maabara italipuka?

Antiprotoni milioni 30 zikigusa ukuta zote kwa pamoja zinatoa jouli 0.009. Ni sawa na sarafu ya gramu 5 iliyoanguka mezani kutoka kimo cha shubiri moja. Kinacholiwa na kupotea kwa stima ni miezi ya kazi ya watafiti.

Matatizo halisi ni ya kawaida zaidi. Heliamu ikipungua, sumaku hupata joto, hupoteza ghafla uwezo wa kupitisha umeme bila ukinzani, na nishati yote ya sumaku inageuka joto na kuichemsha heliamu iliyobaki. Heliamu inayofuka inaweza kufukuza hewa chumbani. Katika jengo hilo, mtu ana sababu kubwa zaidi ya kuihofia heliamu kuliko antimata.

Ndiyo maana kusafirisha antimata kwa lori ni kazi ya kihandisi yenye kuheshimika. Oktoba 2024 CERN ilifanya jaribio kwa protoni 70 za kawaida ndani ya mtego wa takriban tani moja, ikauzungusha kwenye barabara za maabara. Protoni sabini, lori zima.

Tuseme tunayo gramu. Stima ingetokaje?

Kwa kuchemsha maji. Watu husikitika wakisikia hivyo, ila ndivyo ilivyo hata kwa nyuklia na kwa mvuke wa Naivasha.

Positroni na elektroni zinatoa miale miwili ya gama yenye keV 511 kila mmoja, ambayo unaweza kuizuia kwa madini mazito ya risasi na kuvuna joto. Antiprotoni ni ngumu zaidi. Inapokutana na protoni hutoa pioni, chembe zisizodumu, kwa wastani kama tano. Zile zisizo na chaji, karibu thuluthi moja, hugeuka gama kali papo hapo. Zenye chaji huishi nanosekunde 26 zikiwa zimetulia, huwa muoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) na nyutrino, kisha muoni nazo huoza. Ukiziacha zioze zenyewe hewani au katika ombwe, karibu nusu ya nishati yote huondoka na nyutrino. Nyutrino hupita ukuta, hupita Ngong, hupita dunia nzima bila kusimama. Haziwezi kuchemsha hata tone.

Kwa hivyo unahitaji ukuta mnene wa chuma kizito uzinase pioni kabla hazijaoza, kisha maji, kisha tabo, yaani mtambo unaozungushwa na mvuke ili kuzalisha stima. Tabo nzuri ya mvuke inakupa kama asilimia 35 hadi 40. Zile yuniti milioni 50 zimekuwa chini ya milioni 20, kabla ya kulipa gharama ya kuitengeneza.

Angalau ni safi?

Haitoi moshi. Lakini antiprotoni zikitoweka ndani ya chuma kizito huvunja viini vya atomi na kutoa nyutroni, na nyutroni hukifanya chuma hicho kiwe na mnururisho. Mabaki yapo, ingawa si sawa na ya kinu cha urani.

Bomu je?

Gramu moja ingelipuka kama tani 43,000 za kilipuzi cha TNT. Kwa kasi ya sasa ya CERN, gramu hiyo ingepatikana baada ya zaidi ya miaka bilioni 100. Ulimwengu wote una umri wa miaka bilioni 13.8. Kuna mambo mengi ya kumnyima mtu usingizi. Hili si mojawapo.

Kwa nini basi NASA na wengine waliichunguza kwa ajili ya roketi?

Kwa sababu angani hesabu inabadilika. Kwenye chombo cha kwenda mbali, kila kilo ya mafuta inadai mafuta mengine ya kuibeba. Huko mtu anaweza kukubali kulipa nishati maelfu ya mara duniani ili apate mafuta mepesi. Mawazo yenye busara zaidi hayatumii antimata kama mafuta kamili, bali kama kiberiti: kiasi kidogo cha antiprotoni kuwasha mpasuko au muungano wa nyuklia katika vidonge vidogo vya mafuta mengine. Chuo Kikuu cha Penn State kilichora mipango ya namna hii miaka ya 1990. Imebaki kwenye karatasi, na vikwazo ni vilevile viwili: kutengeneza na kuhifadhi.

Je, kuna antimata inayofanya kazi yoyote Nairobi?

Ipo, kila siku ya kazi, na inaokoa watu.

Kipimo cha PET hutumia positroni kutafuta saratani. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Parklands, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, upande wa Kahawa, zina saiklotroni (mashine za kuongeza kasi ya protoni) za kutengeneza florini-18. Mililita chache za maji yenye oksijeni-18 hupigwa kwa protoni, oksijeni inageuka florini-18, nayo inafungwa kwenye sukari maalumu. Seli za saratani hula sukari kwa pupa, kwa hivyo dawa inajikusanya hapo. Florini inatoa positroni, positroni inakutana na elektroni ndani ya milimita chache, na miale miwili ya gama inaondoka kuelekea pande zilizo kinyume. Mashine ya duara inayomzunguka mgonjwa husajili miale iliyofika kwa wakati mmoja, huchora mstari kati yake, na mamilioni ya mistari hiyo huwa picha.

Adui mkubwa ni saa. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Dozi iliyotoka kwenye saiklotroni ikiwa megabekereli 740 (kipimo cha nguvu ya mnururisho) na kukwama kwenye msongamano wa Thika Road kwa muda huo itafika ikiwa 370. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa aliyechelewa miadi anaweza kuambiwa arudi siku nyingine. Dozi yake haiwekwi friji.

Kama umeandikiwa kipimo hiki: kwa kawaida utaambiwa usile kwa saa 4 hadi 6, unywe maji matupu, na usifanye mazoezi makali siku iliyotangulia. Sukari ya damu hupimwa kwanza, na ikiwa juu sana picha huharibika, kwa sababu sukari yako inashindana na ile ya dawa. Mwenye kisukari aseme mapema, si akiwa amefika mlangoni. Baada ya sindano unalala au kukaa kimya kwa kama saa moja. Ukizungumza sana au kutafuna, misuli hiyo nayo itang'aa kwenye picha.

Dozi ya megabekereli 370 hatimaye hutoa positroni kama trilioni 3.4. Ni nyingi kuliko antiprotoni ambazo mashine ya CERN hutoa kwa miezi minne mfululizo. Na nishati ya kutoweka kwake zote? Nusu jouli.

Kuna mtu anauza jenereta ya antimata, au mkufu wenye antimata. Ninunue?

Usinunue. Kifaa kinachoshika antimata kina sumaku kubwa, heliamu na bili ya stima ya kutisha. Jenereta isiyo na vitu hivyo haina antimata. Muulize muuzaji inahifadhi nanogramu ngapi na kwa ombwe la kiwango gani, atabadilisha mada. Mikufu ya nishati ina hatari ya aina nyingine: baadhi ya iliyopimwa Uholanzi mwaka 2021 ilikutwa na mnururisho halisi, ambao mtu hatakiwi kuuvaa shingoni mchana na usiku.

Kenya iwekeze kwenye nishati ya antimata?

Kwenye fizikia yake na wataalamu wa saiklotroni, ndiyo. Kwenye stima, hapana. Shilingi inayotafuta stima iende Olkaria, Turkana kwenye upepo, au kwenye nyaya zinazovuja umeme njiani.

Naweza kuiona kwa macho nikiwa Nairobi?

Unaweza kuona nyayo zake. Anderson aliiona positroni kwa kisanduku cha mvuke, na kisanduku rahisi unaweza kukitengeneza shuleni. Tena tuko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, kwa hivyo tunapata miale mingi ya angani kuliko wenzetu wa Mombasa.

Unahitaji: kisanduku angavu cha kioo au plastiki ngumu cha kama sentimita 30 kwa 20, kipande cha kitambaa kizito cha sufi, bamba la alumini la milimita 2 au 3 lililopakwa rangi nyeusi, alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kilo 2 za barafu kavu kutoka kwa wauzaji wa gesi za viwandani, na tochi kali.

Bandika kitambaa ndani, upande wa juu. Kilowanishe kwa mililita 30 hadi 50 za alkoholi. Funika mdomo wa kisanduku, ulio upande wa pili, kwa bamba, ziba ukingo kwa gundi ya karatasi, kisha laza kisanduku, bamba likiwa chini, juu ya barafu kavu iliyosambazwa sawasawa. Zima taa, mulika kutoka ubavuni, karibu na bamba. Subiri dakika 10 hadi 15. Kwanza utaona manyunyu, halafu nyuzi nyembamba nyeupe zikitokea na kufifia.

Vaa glavu nene, fungua madirisha, weka moto mbali, na usifungie barafu kavu kwenye chombo kisichopumua, kitapasuka.

Usipoona kitu, mara nyingi sababu ni alkoholi ya asilimia 70 kutoka duka la dawa. Maji yaliyomo yanaharibu kazi. Mvuke ukizunguka kama moshi, hewa inaingia mahali fulani. Manyunyu yakielekea upande mmoja, bamba limeinama. Mvuke ukiwa hafifu, weka mfuko wa maji ya uvuguvugu juu ya kisanduku ili kitambaa kipate joto.

Ili kutofautisha positroni na elektroni, weka sumaku ya neodimiamu chini au ubavuni: mmoja hupinda kushoto, mwingine kulia. Ila usikimbilie kushangilia. Elektroni inayopanda hupinda sawa na positroni inayoshuka, na huwezi kujua ilianzia upande gani. Anderson alilitatua hilo kwa kuweka bamba la risasi la milimita 6 katikati ya kisanduku chake: chembe ikipita humo hupoteza nishati na kupinda zaidi baada ya kulivuka bamba, na hivyo inaonyesha mwelekeo wake. Kwa kisanduku cha darasani, tafuta nyuzi mbili zinazoanzia nukta moja na kupinda kinyume, kama pembe za mbuzi. Hiyo ni gama iliyozaa elektroni na positroni. Huonekana kwa nadra, kwa hivyo acha simu ikirekodi video na uipitie taratibu baadaye.